Kura ya Kukura

Jaribio la kujua mimi ni mtu wa aina gani nililifanya mara kumi na nne. Lilikuwa kwenye simu, lilikuwa la bure, na maelezo yake ya mwanzo yalisema wazi kwamba hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Sentensi hiyo ilinitia wasiwasi kuliko maswali yenyewe. Mimi nikiambiwa hakuna jibu sahihi, huamini kwamba lipo na limefichwa.

Mara ya kwanza nilijibu kwa ukweli, na matokeo yakasema mimi ni Mpangaji Mkimya. Mara ya pili nilijibu kwa ukweli zaidi. Kufikia mara ya tano nilikuwa najibu kama mtu ambaye ningependa kuwa, nikatokea Kiongozi Mchangamfu. Nilikaa na uongozi huo dakika kumi hivi, aibu ikanishika, nikaufuta. Mara ya kumi na nne nilirudi nilikoanzia. Nikayatafsiri maelezo ya Mpangaji Mkimya kutoka Kiingereza, nikayapanga kwa herufi nzuri, nikayachapisha na kuyabandika ukutani juu ya kitanda. Yalisema kwamba nguvu zangu kati ya watu ni kufanya kazi nyuma ya pazia, kuona mambo madogo ambayo wengine hawayaoni, na kutimiza maagizo bila kukosea. Yalisema pia nijiepushe na shughuli za kuomba watu msaada ana kwa ana. Hapo nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Sikuwa nimewahi kupewa ruhusa rasmi namna hiyo.

Kulikuwa na swali moja tu, la arobaini na mbili, ambalo jibu lake sikulibadilisha hata siku moja. Lilisema: "Watu wa karibu nawe huwa huru kuzungumza mbele yako." Mara zote kumi na nne nilibonyeza "Nakubali kabisa" bila kufikiri.

Kazi yangu ni kupanga na kuchapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi. Nilijifundisha mwenyewe, kwanza kwa simu, halafu kwa kompyuta niliyoinunua ikiwa tayari imechoka. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi, isipokuwa kwamba wateja huzihitaji siku fulani. Kuna familia moja niliyoipelekea ratiba ya mazishi watu wakiwa wameshaanza kurusha udongo. Nilikuwa nasawazisha ukingo wa kushoto.

Naishi nje kidogo ya Lubao, kwa senje, yaani dada ya baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Na hapa lazima nitaje tabia yangu moja ambayo kwa miaka mingi niliihesabu kuwa kipaji. Kwetu herufi l na r hukaa nyumba moja na kuvaliana nguo. Mtu atakuambia anaenda kurara, na ukimuuliza habari za jirani atasema amerewa tangu asubuhi. Kiswahili changu nilikiokota kwenye redio na vitabu vya kuazima, na nikajitwika kazi ya kuzitenganisha herufi hizo popote nilipozikuta zikicheza pamoja. Nilimtenganishia senje kuliko mtu yeyote. "Kulala, senje." "Kalamu, senje, si karamu." Zamani alicheka na kunirushia kitambaa cha mezani. Mwaka huu aliacha kucheka. Alianza kunyamaza kidogo kabla ya maneno fulani, kama mtu anayepima mtaro kabla ya kuruka. Nilifurahi. Nilidhani anajifunza.

Sasa, senje ni mmoja wa wamama wa kanisa ambao hutembeleana kwa zamu. Mara moja kila mwezi, Jumamosi, wote huenda kwa mwenzao mmoja. Huomba, huongea mambo ya kikundi, halafu hula. Kwa miaka minane senje alikuwa amekula kwa wenzake wote, na hakuwa amewalisha hata siku moja. Mume wake alipofariki nyumba ilikuwa ya udongo na upande mmoja umelala, akawa anaomba zamu yake isogezwe. Ikasogezwa mpaka wakaacha kuitaja, na kuacha kwao kuitaja ndiko kulikomuuma. Mwaka jana tulimaliza nyumba ya matofali. Mwaka huu alisimama kanisani akasema mwenyewe: mwezi wa nane mnakuja kwangu. Akaanza kufuga kuku kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna jambo jingine alilolitaka mwaka huu wote.

Wiki ile binti yake alijifungua huko Lugari, akaenda kumsaidia. Jumanne akanipigia simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda, mtoto analia karibu na simu.

"Baba, sikia," akaniambia. Yeye huniita baba kwa sababu mimi ni wa kaka yake. "Mimi nitafika Jumamosi asubuhi pamoja na wageni. Wewe nakuachia mambo ya kura."

Akanyamaza kidogo kabla ya neno lile, halafu akalisema polepole, silabi moja moja: ku-ra. Ile r aliivuta kama mtu anayeonyesha viatu vipya. Nami nilikuwa nimesikia kwamba mwaka huu kikundi kingechagua viongozi. Moyo wangu ulifunguka. Kati ya kazi zote za ugeni, nimepewa ile ya karatasi!

"Ni wamama kama arobaini," akaendelea. "Kila mtu apate, hata mmoja asikose."

"Sawa, senje."

"Na usimame hapo uangalie. Ile siku ya mwisho kuna wamama walirudi mara ya pili, wengine wakakosa."

Nilishtuka. Sikujua kwamba wamama wa kanisa wanaweza kuiba kura.

"Hiyo haitatokea," nikasema.

"Na ya mwenyekiti weka kando, uifunike. Hapendi watu waione wakiipita pita."

"Ni siri. Naelewa."

"Vitu chukua kwa duka, nimeongea na mwenye duka, atakupea chochote unataka. Na kuku usiwafungulie siku hiyo."

Hilo la kuku nalo lilikuwa na maana kamili kwangu: wasije wakachafua kitambaa cha meza.

Nikafanya kazi siku tatu, na nasema bila kujisifu kwamba eneo lile halijawahi kuona uchaguzi uliopangwa vizuri kama ule. Nilichapisha karatasi hamsini, kila moja na nambari yake. Muhuri niliuchonga kwa soli ya ndara, ukatoka na njiwa katikati. Njiwa wa kwanza alifanana na bata, nikachonga mwingine. Nilichukua katoni ya sabuni, nikaifunika kwa karatasi nyeupe na kuitoboa juu tundu lililonyooka kabisa. Ijumaa nilienda dukani nikaomba gundi, kalamu nne na kitambaa cha plastiki.

Mwenye duka aliniangalia. "Ni hizo tu?"

"Ni hizo tu."

"Mama yako alisema utabeba vitu mingi. Nilikuwekea hadi gunia la mchele hapo nyuma."

"Asante, lakini mimi napenda kupanga vizuri ili nisipoteze," nikamjibu. Akaanza kuifunga gundi kwenye gazeti. Sisi Wapangaji Wakimya tumezoea kutoeleweka.

Jumamosi saa nne walifika, kundi zima, wakiimba kutoka barabarani, vitambaa vyeupe vichwani. Senje alikuwa mbele. Hakuwa ametembea hivyo kwa miaka minane, kifua mbele, akiwaonyesha njia watu ambao wote waliijua njia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza, nimevaa tai.

Mwenyekiti wao ni mama mnene mwenye sauti ya kupasua kuni. Akazungusha macho uani. "Mwenye nyumba," akasema, "mbona sioni moshi? Ama leo umetuitia kufunga na kuomba?"

Wakacheka. Senje akacheka pia, akazunguka nyuma hadi jikoni. Nikamfuata. Jiko lilikuwa baridi. Paka alikuwa amelala kwenye majivu, amejikunja vizuri.

"Kura iko wapi?" akaniuliza.

"Iko mezani, senje. Kila kitu tayari."

"Hapo nimeona katoni."

"Ndiyo hiyo."

"Baba, nauliza kura!" Akaonyesha mdomo wake kwa vidole vitano. "Kura ya kukura!"

Kuna namna fulani masikio huziba mtu akielewa jambo kwa ghafla. Nilimwona senje akigeuka kuangalia kibanda cha kuku, kuku wote hai, wamefungiwa kama alivyoagiza, halafu akanitazama mimi na tai yangu. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akafunika uso kwa kile kitambaa cheupe, akasema kwa sauti ndogo, "Watasema nini? Miaka minane."

Nikaanza kueleza kwamba kwa kweli maagizo yote yalikuwa yanaweza kueleweka kwa njia mbili. Nilisema hivyo. Mtu anazama, nami namweleza sarufi.

Akasimama ghafla, akapangusa uso. "Duka?"

"Ni Jumamosi, senje." Mwenye duka ni Msabato. Jumamosi kufuli lake halifunguliwi hata kwa ajili ya kuuza kiberiti.

"Basi mimi nitawaweka hapa na hiyo karatasi yako. Wewe enda."

"Niende wapi?"

"Kwa watu!" akasema, kana kwamba ni mahali ambapo kila mtu amewahi kufika.

Hapa nakiri jambo ambalo jaribio halikuniuliza. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwakwepa majirani. Kwetu salamu si neno moja. Ukisema "mulembe" umefungua mlango, na kabla hujaufunga umeulizwa kuhusu afya, mahindi, kazi na lini utaoa. Mimi nikishasalimiana na mtu hukaa siku nzima nikirekebisha majibu niliyotoa. Kwa hiyo nilijifunza saa za kila mtu. Najua nani hupeleka ng'ombe mtoni saa mbili, nani huketi barazani mpaka jua lifike kwenye nguzo ya tatu, nani hupika saa ngapi na kwa sufuria ya ukubwa gani. Nilijifunza yote hayo ili nipite katikati yao kupitia miwa bila kuonwa. Na asubuhi ile, nikiwa nimesimama nyuma ya jikoni, niligundua kwamba kichwani nilikuwa na ramani ya kila sufuria kuanzia kwetu mpaka barabarani.

Nilijua, kwa mfano, kwamba kwa mwenye duka moshi hautoki Jumamosi, lakini Ijumaa mchana hutoka mzito, kwa sababu hupika vya siku mbili. Wenyewe wangekuwa kanisani. Lakini mama yake, ambaye miguu haimruhusu, angekuwa barazani. Ndiye mtu niliyekuwa nikimkwepa kuliko wote.

Nilitoka kwenye miwa moja kwa moja mbele yake, nikamwita bibi kwa lugha yetu, nikasahau hata kusalimu. "Kukhu, tuna wageni arobaini na hakuna chakula, ni makosa yangu."

Yule bibi aliniangalia kutoka kwenye viatu mpaka kwenye tai. "Kwanza, mulembe," akasema.

"Mulembe, kukhu."

"Sasa umefika. Si wewe ndiye Inspekta?"

"Inspekta gani?"

"Kila siku naona kichwa kinapitanga juu ya miwa. Kinasimama, kinaangalia huku na huku, kinaenda. Nikauliza mwanangu, huyu ni mtu wa kiwanda anapima miwa ya watu? Akasema hapana, ni kijana wa yule mama. Watoto wakakuita Inspekta. Hata mimi nikakuita."

Nilikuwa mrefu kuliko miwa. Miaka yote ile, sikuwa nimelifikiria jambo hilo dogo.

"Kukhu, najua duka limefungwa..."

"Kuuza, hapana. Leo ni Sabato." Akachukua mkongojo wake akaelekeza ndani. "Lakini kupea mtu, nani amekataza? Kuna sufuria ya maharagwe hapo, na viazi vitamu. Sisi tutakura kidogo. Beba. Na ule mchele ulikataa jana, uko nyuma ya mlango, mwanangu alisema huyu kijana atarudi."

Nikauliza kama ana chombo cha kubebea viazi. Akasema nitafute changu. Nikarudi mbio uani. Wamama walikuwa wamepanga foleni, senje akisoma majina kwa sauti ya hakimu. Nikaiangalia katoni yangu, lile tundu lililonyooka. Nikainama sikioni mwake: "Senje, nahitaji sanduku."

Bila kupepesa macho akawatangazia wageni, "Kura zitaingia kwa sufuria. Ni safi zaidi." Akaleta sufuria ya ugali, tupu. Mimi nikaondoka na katoni.

Nyumba ya pili ni ya jirani ambaye mume wake hutembeza wageni msituni Isecheno. Nilijua kwamba vikundi vya wanafunzi vikija msituni, yeye ndiye huwapikia, na kwamba sufuria zake mbili kubwa huanikwa juu ya ua kila Alhamisi. Nilipofika alikuwa anafua. Nilianza kumpa hotuba niliyoipanga njiani, yenye utangulizi.

"Inspekta," akanikatiza, huku amejishika kiuno, "leo umepitia mlango? Kumetokea nini, miwa imekatwa?"

"Senje ana wageni..."

"Si ni leo wamama wanakuja? Nimekuwa najiuliza mbona sisikii kuku wakilia." Akaacha nguo kwenye beseni. "Umechinja?"

"Sijachinja."

"Umewasha moto?"

"Sijawasha."

"Sasa hiyo tai ni ya nini?"

Niliisawazisha tai. Alinicheka mpaka akashika mti. Halafu akabeba sufuria moja kichwani na kunipa ya pili, akapita kwa majirani wengine wawili akiwaita kutoka barabarani kwa maneno ambayo mimi ningehitaji wiki kuyaandaa: "Njooni kwa mama, Inspekta amesahau kupika!" Wakaja. Mmoja alikuja na unga wa obusuma, yaani ugali, mwingine na kisu, na kabla sijasema lolote ingokho, kuku wetu wa kwanza, alikuwa kwenye maji ya moto. Mimi nilipewa kazi ya kunyonyoa manyoya. Nilinyonyoa vizuri sana, moja moja, wakaninyang'anya.

Kule mbele uchaguzi uliendelea, na hapo ndipo ukamilifu wangu ulituokoa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Karatasi zangu zilikuwa na nafasi nyingi za kujaza, na nambari zilizopaswa kulinganishwa na orodha. Kumbe wamama wale walikuwa wameshakubaliana zamani nani awe nani. Walikuwa wanakuja kupiga makofi tu. Lakini walipopewa karatasi yenye muhuri wa njiwa, kila mmoja alienda kando na kuifunika kwa mkono. Walichukua saa mbili na zaidi. Mwenyekiti alibaki na kiti chake, ila karatasi kumi na moja zilikuwa na jina la mwingine, jina la senje, ambaye hakuwa ameomba chochote. "Kumi na moja?" nilimsikia mwenyekiti akiuliza. "Kumi na moja wa kutoka wapi?" Hakuuliza tena habari za moshi.

Walikula saa nane na nusu. Kuku, maharagwe, mchele, obusuma, viazi vitamu vilivyotolewa kwenye sanduku la kura. Kila mtu alipata. Nilisimama hapo nikaangalia kama nilivyoagizwa; watatu walirudi mara ya pili na chakula kikatosha. Ya mwenyekiti niliiweka kando nikaifunika. Senje alipita kati yao na jagi la maji ya kunawa, akiwamwagia mikononi mmoja mmoja, na alipofika kwa wa mwisho alirudia tena kuanzia wa kwanza, ingawa mikono ilikuwa safi.

Walipoondoka tulikaa nyuma ya nyumba kuosha sahani za watu. Jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa nimeandaa kuomba msamaha, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Nilisema kura," akasema.

"Ulisema kura, senje."

"Nilitaka iwe ile ingine. Nilijua ukisikia vibaya utanirekebisha, na mama mkwe wa binti yangu alikuwa ameketi hapo. Nikaenda nje kwanza, nikajaribu. Hii, ile. Hii, ile. Nikachagua." Akasugua sahani ambayo ilikuwa imeshang'aa. "Siku hizi nikitaka kukupigia simu, nafanyanga mazoezi."

Niliichukua ile sahani mkononi mwake, nikaipangusa. Kati ya maneno yote niliyokuwa nimeyatenganisha, halikuwepo hata moja la kunifaa.

Baadaye niliingia chumbani kupumzika. Nilifungua simu, nikaanza jaribio kwa mara ya kumi na tano, si kwa sababu nilikuwa nataka kujua lolote, bali kwa sababu vidole vimezoea. Nilijibu haraka haraka. Nilipofika la arobaini na mbili nilisimama. Watu wa karibu nawe huwa huru kuzungumza mbele yako. Jaribio lile halina kitufe cha kuruka. Usipojibu huendelei, na usipoendelea huambiwi wewe ni nani.

Nikasikia senje akiita kutoka jikoni. Alikuwa ameniwekea paja la kuku, nami sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Baba! Njoo ukure!"

Halafu kimya. Nikasikia anangoja, upande wa pili wa ukuta, kama mtu aliyevunja kikombe.

"Nakuja kukura, senje!" nikapaza sauti.

Alilicheka neno langu, mara ya kwanza mwaka huu, na kitu laini kikagonga mlango wangu. Kilikuwa kitambaa cha mezani. Simu niliiacha kitandani, swali likiwa wazi.